Mtutu Uliovishwa Fedha

Mafundi vijana, siku ya kuniaga kazini mmenipa saa ya ukutani, mmenipa halwa sahani nzima, mmenipiga picha na wakubwa, halafu mkaniambia: "Ami Khalfan, tuandikie kidogo, uzoefu wako usipotee." Haya, naandika. Lakini msitegemee maneno matamu. Vyeo nilipanda kama apandavyo kila mtu aliyekaa pahala pamoja muda mrefu, na habari zake hazimfai mtu. Naandika kwa sababu nimekasirika, na hasira hii nimetoka nayo kazini na haijapoa kwa kukaa nyumbani.

Kinachonikasirisha ni taa za simu. Mmoja wenu akiletewa bunduki kongwe anatoa simu mfukoni, anawasha taa, anachungulia mtutu mara moja, basi: "Mashallah, iko safi." Safi kitu gani? Mtutu si kikombe cha kahawa. Mtu anakuja kukuuliza kama chuma hiki kitamtii au kitampasukia usoni, nawe unamjibu habari za usafi! Kaeni kitako mnisikilize, kisha mkinuna nuneni.

Nilianza kazi katika karakana ya silaha Nizwa nikiwa kijana mwembamba, Kiarabu changu bado cha kubabaisha, maana nyumbani kwetu Izki, sisi tuliotoka Unguja, tulikuwa tukisema Kiswahili cha kule tangu alfajiri mpaka isha. Bahati yangu, fundi aliyenipokea alikuwa Mzee Sleyum, mzaliwa wa Wete, mtu mfupi mwenye vidole vinene kama ndizi mkono wa tembo. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila ya kunitazama, akanitia mkononi mtutu mtupu uliofunguliwa kutoka kwenye bunduki yake.

"Chungulia. Unaona nini?"

"Unang'aa, Mzee."

"Hata sufuria ya mama yako inang'aa. Nimekuuliza unaona nini."

Nikachungulia tena, nikasema naona mwanga upande wa pili. Akacheka peke yake, akaenda zake kunywa kahawa, akaniacha na ule mtutu mpaka adhana ya adhuhuri. Aliporudi, nilikuwa nimeona kitu: mtutu ule ndani ulikuwa laini kama bomba la maji. Hauna michirizi. Ile mifereji inayojipindapinda ndani ya chuma, ambayo ndiyo inayoizungusha risasi ikatoka imenyooka, ilikuwa imesuguliwa ikamalizika. Kwa hivyo ndiyo ukang'aa. Mzee Sleyum akanipigapiga begani, akasema, "Sasa umeanza kuona. Umechelewa, lakini umeanza."

Bunduki tulizokuwa tukiletewa nyingi ni zile za vita vikubwa vya Wazungu, zenye komeo la kuvuta kwa mkono, huku kwetu tunaziita kanad. Zilikuja zimeshachoka, zikapita mikono mingi, zikarithiwa, zikatundikwa ukutani, zikachezewa razha, ile ngoma ya wanaume ya panga na bunduki, sikukuu na arusi. Mwenye nayo haioni kuwa ni bunduki tu. Ni babu yake ile. Ukimwambia mtutu umekwisha, ni kama umemtukana marehemu, nawe ujiandae kutazamwa jicho baya mpaka langoni.

Mzee Sleyum alinifundisha kuanza na mdomo wa mtutu. Unachukua risasi, unaitia kichwa chake mdomoni mwa mtutu. Mtutu mzima utaikamata mapema, ganda likabaki mbali na chuma. Ikizama mpaka ganda likagusa chuma, ujue mdomo umelika, na bunduki yenye mdomo uliolika haijui inakotema. Na ni nini kilichoula? Watu husema risasi. Uongo! Ni mdeki, ule ufito wa kusafishia, askari kwa askari wameutia kwa mbele, wakisugua ukingo kila siku kwa kumwogopa sajini wao. Mzee alikuwa akisema, "Hizi hazikuuliwa na vita. Zimeuliwa na usafi."

Kisha unatazama koo, pale risasi inapoanzia safari, karibu na komeo. Hapo moto wa baruti unakula kuliko pahala popote. Kingo za michirizi zikiwa kali, mshukuru Mungu. Zikiwa zimelainika kama sabuni iliyokwisha kuogewa, hamna kitu. Weusi na vidoa vya kutu peke yake visikutishe. Kuna mtutu mweusi ndani kama dohani na michirizi yake imesimama imara. Aliwahi kutujia mchunga mbuzi mmoja kutoka milima ya Dima wa Tayyin, mzee wa miguu mikavu, na kanad yake kaifunga katika gunia. Dalali wa sokoni alikuwa ameshamwambia hiyo ni chuma chakavu, aiuze kwa bei ya fito za dirisha. Ndani kulikuwa kiza. Nikaipima, nikaiweka juu ya mifuko ya mchanga, nikapiga. Matundu yote ningeyaziba kwa kiganja. Nilipomwonyesha karatasi ya shabaha hakufurahi hata kidogo.

"Mimi nilijua," akasema. "Na mbweha wa kwetu anajua. Asiyejua ni yule dalali wenu tu."

Dalali mwenyewe nilimwendea. Alikuwa na duka lake karibu na soko la mbuzi, bunduki zimepangwa ukutani zinameremeta, na nyuma ya pazia ana mashine ya kutobolea aliyoifunga brashi ya chuma na dawa ya kung'arishia. Kila kanad aliyoinunua anaitia brashi ile, anaisugua mpaka mnunuzi ajione sura yake ndani. Nikamwambia, "Wewe bwana, unawafanyia nini watu?" Akanambia, "Nazirudishia ujana." Nikamwambia, "Unazing'oa meno!" Tukashikana mashati mbele ya wateja, wakatuamua wauza kamba. Hakuacha. Wateja wakaendelea kununua, kwa sababu ving'aavyo ndivyo walivyovitaka, na mpaka leo nikiona mtu kajivunia mtutu wa kioo, mkono wangu unaniwasha.

Lililo kubwa alilonipa Mzee Sleyum ni donge. Unachukua kipande cha madini ya risasi, laini, kilichozidi upana wa mtutu kidogo tu, unakipaka mafuta, unakisukuma kwa mdeki kutoka upande wa komeo, taratibu, huku umefumba macho. Ndiyo, umefumba, maana jicho ndilo linalokudanganya na mkono hauna tamaa ya kusifu. Donge likienda kwa uzito ule ule mwanzo hadi mwisho, mtutu ni mzima. Likianza kulegea kuelekea mdomoni, umelika. Na likienda vizuri, mara likatumbukia katika ulegevu, kisha likabana tena, simama hapo hapo. Pana uvimbe. Chuma kimetanuka kutoka ndani kwa sababu risasi siku moja ilikuta kitu njiani. Bunduki ya namna hiyo haipigwi tena, iwe ya nani, iwe imepambwa na nini. Kama ukiulekeza mtutu kwenye dirisha utakiona kivuli cha duara pale penye uvimbe, lakini wengi wenu dirisha hamlitaki tena.

Mzee Sleyum alifariki, mimi nikashika meza yake. Miaka ikapita katika mafuta na maji ya moto. Kisha vijana wakazipenda tena bunduki za babu zao, wakaanza mashindano ya shabaha, na sisi tukapewa kazi ya kuzikagua kabla hazijaingia uwanjani. Hapo ndipo nilipoletewa ya mkwe wangu.

Mke wangu, Salha, kwao ni Ibra. Kaka yake, shemeji yangu Mbarak, alinijia karakana Nizwa na kanad ya marehemu baba yao, Mzee Nassor. Mzee huyo alikuwa mpiga shabaha akitajwa Ibra nzima, na bunduki yake ilikuwa imetundikwa ukutani tangu kufa kwake. Sasa Hamed, kijana wa Mbarak, kaamua kuingia nayo mashindanoni. Mazoezi kayafanya kwa bunduki ya kuazima, maana risasi za kanad adimu, zile chache alizonazo kaziwekea siku yenyewe. Kijana mzuri, ana adabu, jicho lake lile lile la babu.

Ilikuwa imependeza, sisemi uongo. Mbao za mbele zimefupishwa kama wanavyopenda watu wa milimani, mtutu uko wazi, na pale mbao zinapoishia umevishwa pete pana ya fedha yenye nakshi. Ndani mtutu unang'aa na michirizi yake mizuri. Nikatia donge, nikafumba macho. Likaja vizuri, vizuri, mara likatumbukia, kisha likabana. Nikatia alama kwenye mdeki nikapima kwa nje. Uvimbe uko chini ya ile fedha, sawasawa, hapo hapo mpigaji anapokamatia kwa vidole vya mkono wa kushoto.

"Shemeji," nikamwambia Mbarak, "hii fedha lazima itoke, nitazame chuma."

"Haitoki. Fedha ya mafurungu ya mama hiyo. Aliyavua miguuni akampa sonara kwa ajili ya baba. Utaibandua wewe?"

"Nitaibandua mimi."

Akapiga simu Ibra, akanipa nisikie. Bi Zuwena, mama mkwe wangu, hakusema mengi. Alisema, "Khalfan, mwanangu, fedha yangu msiiguse," akakata. Sasa nyinyi vijana mmezaliwa huku na mengi mmeyapoteza, lakini sisi watu wa Unguja mkwe tunamwogopa. Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kumkazia macho Bi Zuwena. Akipita nasimama, akisema nasikiliza, chakula chake nakula hata nimeshiba. Ila nilikataa. Nikaipiga bunduki ile muhuri wa kutofaa, Mbarak akaichukua kwa hasira, na nyumbani Salha akaninunia, sahani ya wali ananisukumia.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya mashindano, Hamed akatuma picha katika kundi la simu la familia: bunduki ya babu yake na cheti cha kuruhusiwa, kimetolewa na karakana ya Sur! Watu wanampongeza, mikono ya kuombea dua, maua, ndege. Moyo ukanipasuka. Nikampigia yule aliyetia saini kule. Simtaji, naye anajijua, na leo anayasoma haya.

"Umetia donge?" nikamwuliza.

"Ami, mtutu iko safi sana, wallahi. Nimeangalia kwa taa."

"Fedha umeitoa?"

"Ya bibi yao ile, Ami. Ningeigusa vipi? Aibu."

Aibu! Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu mke wangu atasoma. Nikampigia Mbarak, hapokei. Nikampigia Hamed, akanijibu kwa adabu zake zote, "Ami, baba kasema tusikusumbue tena." Nikatia bisibisi, koleo, chaki na chupa ya mafuta ya taa ndani ya gari, nikaswali Ijumaa njiani, nikashika njia ya Ibra.

Nyumbani kwa Mbarak nilizikuta kahawa na tende chini, jamaa wamejaa chumba cha wageni, na bunduki imelazwa juu ya mto katikati kama bibi arusi. Nilitoa salamu, sikukaa. Mbarak akatazama vyombo mkononi mwangu.

"Shemeji leo kaja na koleo," akawaambia wageni. "Labda anaogopa kustaafu, hajajifunza kazi nyengine." Wakacheka.

"Cheka," nikamwambia. "Cheka ushibe. Mimi natoa fedha."

Bi Zuwena alikuwa amekaa karibu na mlango wa ndani, kanga begani, tasbihi mkononi. Akasema taratibu, "Khalfan."

"Labeka, mama."

"N'lishakwambia."

"Umeniambia, mama. Na mimi nakuheshimu. Lakini Hamed ataishika hapa kesho, na hapa pana ubovu, na kama nimeongopa mtanifukuza nisirudi tena Ibra."

Mbarak akainuka. Aliyemzuia ni Hamed mwenyewe. Akamshika baba yake mkono, akasema, "Mwache, baba. Fedha tutairudisha. Mimi nataka kuona." Mungu ampe umri kijana yule. Nikaingiza bisibisi kwenye mshono wa ile pete, nikanyanyua, nikakamata kwa koleo. Fedha ikalia, ikafunguka. Chini yake chuma kilikuwa kimevimba pande zote, hakihitaji fundi kukiona. Nikakipaka mafuta ya taa, nikayafuta yakauka, nikapaka chaki kikawa cheupe. Hakuna aliyegusa kahawa. Mara kwenye ule weupe ukajichora mstari, mwembamba kama unywele, ukirefuka wenyewe kwa kadiri mafuta yalivyotoka kwenye ufa.

"Lahaula," akasema Mbarak, akakaa chini.

Na Bi Zuwena akasema, "Ni ufa huo? Mimi uvimbe niliujua. Ufa sikuujua."

Nilidhani sikusikia vyema. Mbarak akauliza, "Uliujua vipi, mama?"

Akatueleza, macho yake kwenye ile fedha iliyopinda. Mzee Nassor alikuwa na desturi ya kuchana kanga kuukuu, akiipaka mafuta na udi, akaishindilia ndani ya mtutu kwa mdeki ili vumbi na unyevu visiingie. Kila akitaka kupiga anaivuta kwanza. Siku ya arusi ya Mbarak, kwa furaha, alisahau. Ngoma zinapigwa, watu wanashangilia, akapiga juu, na hakuna aliyejua kitu ila yeye mwenyewe na mkewe. Usiku ule alikaa kitandani na bunduki mapajani, analia. Mpiga shabaha wa Ibra kasahau tambara ndani ya mtutu, kama mtoto! Bi Zuwena akavua mafurungu yake, asubuhi akayapeleka kwa sonara, akamwambia aitie pete pale penye uvimbe. Mzee Nassor hakuipiga tena. Aliwaambia watu kuwa sasa ni pambo, na watu wakaona kafanya uungwana.

"Na Hamed aliposema ataipiga?" nikamwuliza.

"Nilitaka kusema. Kila nikifungua mdomo namwona marehemu analia. Nikasema labda nyinyi mafundi mtaizuia, na jina lake lisitajwe."

Hapo ndipo nilipofoka. Mimi, Khalfan, nilimfokea mama mkwe wangu mbele ya wageni wa kaka wa mke wangu. Nilimwambia, "Maiti haoni aibu, mama! Maiti kapumzika! Huyu hapa ndiye mwenye vidole, huyu ndiye mwenye macho! Ungemtia huyu kaburini ili yule asichekwe?" Nikasema na zaidi. Koleo likaniponyoka. Na niwaambieni kweli, sijaomba radhi mpaka hivi leo. Sitaomba. Kama sisi tungekuwa watu wa kufokeana mapema, mwenzenu wa Sur angeifungua fedha ile, na Mbarak angeifungua, na mimi mwenyewe nisingelala nyumbani na kununiwa kwa ajili ya kukataa. Heshima gani hii ya kupeana chuma kilichopasuka mkono kwa mkono, kila mmoja anasema aibu, mpaka kimfikie mtoto?

Mbarak alinijia na ngumi imekunjwa. "Unamfokea mama yangu ndani ya nyumba yangu?"

"Mwache," Bi Zuwena akasema. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Kaa, Mbarak. Kasema kweli, na ningekubali hivyo hata kama angenitukana." Kisha akanitazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nami nikamtazama usoni. "Ni mkono gani hushika hapo?"

"Wa kushoto, mama."

Akamwita Hamed. Kijana akaenda, akapiga magoti mbele ya bibi yake, akampa mkono wa kushoto. Bi Zuwena akaupokea kwa mikono yake miwili, akaukunjua, akaugeuza juu na chini. Akaanza kuvibusu vidole, kimoja kimoja, tangu gumba mpaka cha mwisho. Alipofika cha mwisho akarudi kwenye gumba, akaanza upya.